Aliyeanguka Akisema "Niko Fiti"

Chukulia kijana wa bodaboda anayetoka Bunju kuelekea Kerege. Pale Mapinga gari linachomoka pembeni, anafunga breki, tairi la mbele linateleza kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami, kichwa kinapiga chini. Anazimia kidogo, labda dakika moja. Anaamka, anajikung'uta vumbi, anauliza pikipiki iko wapi. Watu wanamwambia mshukuru Mungu, kaka, umepona. "Niko fiti," anajibu. Jioni anakula, analalamika kichwa, anameza vidonge viwili, analala. Saa saba usiku anakoroma kwa namna ambayo mkewe hajawahi kuisikia. Alfajiri anaamshwa, haamki.

Kijana huyu nimemtunga, lakini madaktari wa majeruhi popote duniani wanamjua. Kwenye panja, kati ya jicho na sikio, mfupa wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani umepitiwa na mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa huweza kuchanika na damu ikaanza kuvilia kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mwanzoni damu ni kidogo, mtu anaongea na kucheka. Lakini fuvu ni kifuu cha nazi, halitanuki. Kadiri damu inavyoongezeka ubongo unakosa nafasi, unasukumwa chini, hadi sehemu inayoendesha pumzi inabanwa.

Kwa hiyo ubongo hupigwa mara mbili. Pigo la kwanza ni la lami, na uharibifu uliofanyika sekunde ile hakuna dawa ya kuufuta. Pigo la pili huja baadaye, kwa dakika, kwa saa, wakati mwingine kwa wiki: damu kuvilia, ubongo kuvimba, hewa kupungua, presha kushuka. La kwanza hukingwa kabla ya safari. La pili liko mikononi mwa watu waliomzunguka majeruhi, na hao mara nyingi si madaktari. Ni mke, ni dereva mwenzake wa kijiweni, ni jirani mwenye Noah. Makala hii nawaandikia hao.

Tuanze na helmeti, maana hapo ndipo uhai mwingi unapotupwa bure. Pita kijiwe chochote kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo mjini, helmeti utaziona. Moja imening'inia kwenye usukani, nyingine imevalishwa kwenye kiwiko, nyingine imebebea nyanya. Dereva akimwona trafiki mbele anaipachika kichwani, mkanda unapepea. Helmeti isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini, kwa hiyo aliyeivaa hivyo amevaa kwa ajili ya trafiki tu.

Ushahidi wa kofia hii una umri wa kutosha. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki huko Dorset na akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumwona alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimkaa. Akaanza kuchunguza askari wapanda pikipiki waliokuwa wakifa kwa majeraha ya kichwa, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona: waliovaa helmeti hawakuumia sana kama wasiovaa. Kabla mwaka huo haujaisha jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuivaa. Tangu hapo tafiti zimerundikana. Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane ulioziweka pamoja unaonyesha kwamba, kwa anayepata ajali ya pikipiki, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna sindano wala upasuaji unaokaribia hapo kwa bei ile.

Kinachookoa ndani ya helmeti ni lile povu gumu jeupe chini ya ganda. Linapopigwa linabonyea, na kule kubonyea kunakipa kichwa muda mfupi wa ziada kabla hakijasimama. Ndiyo sababu kofia ya mafundi ujenzi haifai barabarani: imetengenezwa kwa kitu kinachodondoka kutoka juu, si kwa kichwa kinachoburuzwa kwenye lami. Na helmeti iliyokwisha kupata ajali moja imemaliza kazi yake, hata kama ganda linang'aa, kwa sababu povu likibonyea halirudi. Ukienda kununua, ivae dukani, funga mkanda hadi vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, kisha tikisa kichwa. Ikizunguka huku uso umetulia, ni kubwa kwako. Ingiza kidole ndani ubonyeze. Ukikuta sponji laini peke yake bila povu gumu, mrudishie muuzaji.

Abiria nao wana hoja zao, na siwezi kuzibeza. Helmeti moja inavaliwa na watu thelathini kwa siku, inanuka jasho, na dada aliyetoka kusuka hataki kuharibu nywele za elfu ishirini. Basi beba kitambaa chepesi au mtandio, utangulize kichwani kabla ya helmeti. Kama unapanda bodaboda kila siku kwenda kazini, nunua yako. Ni mzigo, lakini ni mzigo unaozoeleka. Na dereva akikwambia "hapo tu, dada, hatufiki mbali," mjibu kwamba lami ya hapo tu ni ngumu sawasawa na ya mbali.

Kuhusu mshikaki sina maneno ya kuremba. Abiria wawili na mtoto mbele kwenye tenki ni watu wanne nyuma ya breki moja, na anayetangulia kurushwa ni mtoto. Wazazi wanaomlipa dereva mmoja kwa mwezi awapeleke shule watoto wa nyumba tatu kwa mkupuo wanajua wanachokifanya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti, na viongozi siku hizi wanawaita vijana hawa maafisa usafirishaji. Cheo kizuri, ila afisa huyo pikipiki si yake, ni ya mkataba, na hesabu ya bosi inamsubiri jioni. Mwenye pikipiki ukipandisha hesabu, umepandisha na mwendo. Mnunulie helmeti mbili, ya kwake na ya abiria, uziweke kwenye mkataba kama unavyoweka matairi.

Upande wa pili wa Bagamoyo iko barabara ya Msata, kilomita 64 za lami zilizogeuza njia ya mabasi na malori ya kaskazini. Biashara ya mananasi ya Kiwangwa imenufaika, na kasi nayo imeingia vijijini. Mtoto akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kuishi. Likiwa kwenye 80, nafasi hiyo inabaki ndogo sana. Dar es Salaam kuna mfano wa kuiga: shirika la Amend limekuwa likiweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI ya Marekani. Serikali ya kijiji inaweza kuandika barua TANROADS kuomba tuta mbele ya shule. Barua moja huwekwa kwenye faili. Ya tatu, ikiwa na muhuri wa mwenyekiti na mwalimu mkuu, ni vigumu zaidi kuisahau.

Barabara si peke yake, hii ni pwani. Mkwezi akiteleza kutoka mita 10 juu ya mnazi anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, sawa na aliyegongwa na gari mjini, naye hana helmeti wala tairi. Mtazame anavyopanda: kamba miguuni, panga kiunoni, mkono mmoja umekumbatia shina na mwingine unazungusha nazi hadi kikonyo kikatike. Hatari yake kubwa iko kule juu, pale anapoachia mkono ili afanye kazi. Kamba ya pili, inayozunguka kiuno na shina, ifungwe kabla panga halijachomolewa. Vidato vya mnazi mzee vikaguliwe, na mvua ikinyesha usiku kazi isubiri jua lipande. Mgema aliyeonja mavuno ya asubuhi asipande ya jioni.

Nazi yenyewe pia ni hatari, ingawa watu hucheka. Daktari Peter Barss aliandika mwaka 1984 kuhusu majeruhi wa nazi katika hospitali moja ya Papua New Guinea, ambako asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha katika miaka minne walikuwa wameangukiwa na nazi. Mwaka 2001 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha kwanza kisha inakufanya ufikiri. Piga hesabu mwenyewe: nazi yenye kumbi, kilo mbili, ikishuka kutoka mita 20 inafika na mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Kwa hiyo mkeka wa watoto, benchi la mama lishe na kiti cha mgeni wa hoteli visiwe chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, hasa msimu wa upepo. Msimu wa maembe wakataze watoto matawi ya juu. Watapanda tu, lakini angalau walio chini wajue cha kufanya mmoja akidondoka. Wavuvi nao wanaijua foromali, ule mti unaobeba tanga, inaposhushwa kwa haraka: anayeshusha apige kelele, walio chini wainame.

Sasa ameanguka. Hatua ya kwanza ni kuwazuia wenye huruma ya haraka. Msimwinue kwa makwapa, msimkalishe, msimmwagie maji, msimpe soda wala maziwa. Aliyeumia kichwa huenda ameumia na shingo, na aliyepungukiwa fahamu akinyweshwa kitu kinaweza kuingia mapafuni. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili. Mwingine aangalie pumzi. Kama anatapika au damu imejaa mdomoni, mgeuzeni ubavu wote kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda mara moja, ili vitoke nje. Ubongo hufa haraka ukikosa hewa, kwa hiyo pumzi hutangulia damu na mfupa.

Helmeti iacheni kama anapumua vizuri. Ikilazimika kutoka, watu wawili: mmoja anashikilia shingo na taya kutoka chini, mwingine anaipanua pembeni na kuivuta taratibu. Damu ya ngozi ya kichwa hutiririka ikaogopesha. Bandikeni kitambaa safi na kukandamiza. Lakini mkihisi mfupa umebonyea au unacheza, msikandamize hapo, funikeni tu. Majimaji yakitoka puani au sikioni msizibe kwa pamba.

Usafiri ndio unaonikera kuliko yote. Majeruhi amelegea, anapakiwa katikati ya bodaboda, dereva mbele na rafiki nyuma anamkumbatia, kichwa kinayumba huku na huku kila tuta. Tafuteni kirikuu, Noah, gari lolote ambalo mtu atalala. Mlango wa mbao au ubao wa meza unatosha kuwa machela. Na asipelekwe polisi kusubiri PF3. Karatasi ile ni muhimu kwa kesi na kwa madai ya bima, hata bima ndogo ya gari lililomgonga, lakini mtu mmoja anatosha kuifuata wakati majeruhi yuko njiani.

Wapi kwanza? Wapo wanaotaka kukimbilia Muhimbili moja kwa moja. Kutoka Bagamoyo ni kilomita zipatazo 70, na foleni ya kuanzia Tegeta haijui dharura. Kwa asiye na fahamu nashauri hospitali ya karibu iliyo na oksijeni kwanza, iwe ya wilaya au kituo cha afya, njia ya hewa iwekwe sawa na presha ipandishwe, kisha rufaa itolewe kwa gari la wagonjwa lenye muuguzi. Mwisho wa rufaa kwa kawaida ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambako wako mabingwa wa upasuaji wa ubongo.

Hospitalini daktari atapima fahamu kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett: macho yanafunguka vipi, anajibu nini, anasogeza viungo namna gani. Alama 15 ni mtu mwenye fahamu kamili. 8 kushuka chini ni hali mbaya, na mara nyingi hata njia yake ya hewa haiwezi kujilinda. Uliza alama hizo na uziandike kwenye simu. Daktari wa rufaa atataka kujua kama zilikuwa 14 zikashuka 10, kwa sababu kule kushuka ndiko kunakomwambia damu inavilia.

Utasikia pia, "amepigwa picha, hana kitu." Uliza ni picha gani. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi ubongo wala damu iliyo ndani. Kipimo ni CT-Scan, na baada ya fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 mashine hizo zilisambazwa hospitali za rufaa za mikoa. Kwa mkoa wa Pwani hospitali hiyo ni Tumbi, Kibaha. Ndugu wengine humshinikiza daktari achome sindano ya kupunguza uvimbe. Zile za jamii ya steroidi zilijaribiwa kwa wagonjwa 10,008, na matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha waliochomwa walikufa zaidi. Dawa iliyoonekana kufaa ni asidi ya traneksamiki, inayozuia damu kuvuja: utafiti wa mwaka 2019 wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 uliona manufaa kwa wenye majeraha madogo na ya kati waliopewa ndani ya saa 3. Ukiwahi, unaweza kuiulizia.

Na upasuaji usiwatishe. Mwaka 2006 huko Haydom, Manyara, bingwa Mmarekani Dilan Ellegala alimfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye wakati huo hakuwa hata na shahada ya udaktari, kufungua fuvu na kuokoa wagonjwa. Kutoa damu iliyovilia nje ya utando ni kazi inayofahamika. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni saa zilizopotea kabla.

Turudi kwa anayerudishwa nyumbani, maana wengi hurudishwa, na ni sawa. Usiku wa kwanza asilale peke yake. Kulala si kosa, ile imani kwamba akilala atakufa iacheni. Ila mwamsheni kila saa mbili. Muulize jina la mtoto wake, siku ya leo, yuko nyumba ya nani. Mwambie akaze mikono yote miwili na kusukuma miguu. Mulika macho kwa tochi ya simu, uone kama mboni zote mbili zinapungua sawa. Anayetapika zaidi ya mara moja, anayeuliza swali lile lile, ambaye kichwa kinazidi badala ya kupoa, anayekakamaa au kupata degedege, mwenye mboni moja kubwa, mwenye weusi kuzunguka macho au nyuma ya sikio bila kupigwa hapo, arudi hospitali usiku huo huo, hata kama nauli ni ya kukopa. Dua ni haki ya kila mgonjwa, iombwe gari likiwa linakwenda.

Kwa maumivu apewe panadoli. Aspirini, diklofenaki na jamii yake ziacheni, huweza kuongeza uvujaji. Nundu ikandwe kwa kitambaa cha maji baridi, si ya moto. Aliyekunywa pombe usimhukumu kwa harufu: "amelewa tu, mwacheni alale" imewazika watu waliokuwa wanavuja damu kichwani. Mlevi aliyeanguka achungwe zaidi ya mwingine, siyo pungufu.

Wazee wana namna yao. Bibi anateleza chooni, anagonga kichwa, anaamka na kunyamaza asije akasumbua watoto. Wiki tatu baadaye anaanza kusahau, anakokota mguu, anasinzia mchana. Nyumbani wanasema uzee, wengine wanasema kiharusi, wengine wanamtafutia mganga. Huenda ni damu inayovuja polepole, ambayo bingwa huitoa kwa tundu dogo na bibi akarudi kutoa amri zake. Mwambieni daktari kwamba alianguka, na kwamba anatumia dawa za kulainisha damu kama anazitumia. Wakati huo huo wekeni taa na kishikio chooni.

Mtikisiko wa ubongo usioonekana kwenye picha nao ni ugonjwa. Siku mbili za mwanzo apumzike, kisha arudi kwenye shughuli kidogo kidogo. Asiendeshe pikipiki wala kukwea mnazi hadi kizunguzungu kiishe kabisa, na mchezaji wa ndondo aliyegongana vichwa atoke uwanjani hata kama fainali ni dakika ya 80. Sheria za soka tangu Julai 2024 zinaruhusu mashindano kutenga nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji wa namna hiyo. Akibadilika tabia, akawa mkali, mwenye kulia au kusahau, msimwite jeuri. Mrudisheni kliniki mkaeleze.

Viongozi wa vijiwe vya barabara ya Bagamoyo na ya Msata, mnachangishana kwa misiba na harusi. Changeni mara moja kwa ajili ya ubao wa kulaza majeruhi, kamba za kumfungia na vitambaa safi. Muuweke dukani kwa jirani anayefunga saa nne usiku, na namba ya mwenye kirikuu iandikwe ukutani kwa rangi, herufi kubwa. Mwambieni mganga wa kituo cha afya aje siku moja awaonyeshe namna ya kumgeuza mtu bila kumvunja shingo. Nusu saa inatosha.